Silikoni ya bafuni: Gharama iko kwenye kutoa ya zamani

WENYE nyumba za kulala wageni mjini Songea ambao mabafu yao yameanza kuonyesha ukingo mweusi kati ya sakafu na ukuta wanakabiliwa na uamuzi mdogo wa matumizi, na mara nyingi uamuzi huo hufanywa kwa kuangalia bei isiyo na uzito. Kinachoangaliwa ni bei ya tyubu ya silikoni dukani. Kinachokula fedha ni siku ambazo chumba kimefungwa na kazi ambayo hulazimika kurudiwa.

Kanuni ya bidhaa hii ni moja, nayo haibadiliki kwa bei wala kwa jina la kiwanda: silikoni mpya haishiki vizuri juu ya silikoni iliyokwisha kukauka. Fundi anayepaka mpya juu ya ya zamani anauza sura, hauzi kazi. Mstari utaonekana mweupe na safi kwa muda, kisha utaanza kubanduka pembeni, maji yatapita chini yake na ukungu utarudi pale pale.

Kwa hiyo mwenye nyumba anayetaka kulinda fedha yake anapaswa kununua vitu viwili tofauti: kazi ya kutoa ya zamani, na kazi ya kuweka mpya. Vikiunganishwa katika bei moja, kile cha kwanza ndicho hurukwa, kwa sababu kikishafunikwa hakuna anayeweza kukiona.

KWA NINI UKINGO UNAHITAJI SILIKONI

Sakafu na ukuta wa bafu havitembei pamoja. Zege la chini na tofali la ukuta hupanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti, jengo hutulia kidogo kidogo, na maji ya moto humwagwa juu ya vigae vilivyokuwa baridi. Saruji nyeupe inayojazwa kati ya kigae na kigae ni ngumu. Ikiwekwa kwenye kona ya sakafu na ukuta hupasuka mstari mwembamba. Maji huingia kwenye mstari huo kila mgeni anapooga.

Silikoni ni mpira. Hunyooka pengo linapopanuka na kurudi linapobana. Iliyo nzuri huweza kuvumilia pengo kuongezeka au kupungua kwa asilimia 25 ya upana wake bila kuachia. Ndiyo maana huwekwa kwenye kona, kuzunguka sinki, kwenye kioo cha bafu na mahali ambapo bomba linatokeza ukutani.

Ukungu mweusi juu ya silikoni unaweza kuwa na maana mbili. Ukiwa juu juu tu, hutoka kwa kusuguliwa na dawa. Ukiwa umeingia ndani ya mpira au unaonekana kutoka nyuma yake, maji yamekwisha kupita, na hakuna dawa itakayousafisha. Hapo ndipo kazi ya kubadilisha huanza.

HESABU YA CHUMBA KIMOJA

Bei hutofautiana kati ya duka na duka, hivyo takwimu zinazofuata ni za mfano tu, na kila msomaji aweke za kwake.

Ichukuliwe kuwa chumba kinatozwa sh. 30,000 kwa usiku. Tyubu ya silikoni ni sh. 12,000. Fundi anayetoa yote ya zamani na kuweka mpya anadai sh. 25,000. Nyembe, spiriti na tepu ni sh. 8,000. Chumba kinafungwa usiku mbili, yaani mapato ya sh. 60,000 yanakosekana. Jumla ni sh. 105,000. Katika fedha hiyo, tyubu yenyewe ni kama asilimia 11 tu.

Kwa upande mwingine, fundi anayepaka juu ya ya zamani anadai sh. 10,000, tyubu ni ile ile sh. 12,000, na chumba kinafungwa usiku mmoja. Jumla ni sh. 52,000, karibu nusu. Lakini kazi hiyo ikibanduka na kufanywa tena mara moja tu, gharama inafika sh. 104,000. Ikifanywa mara ya tatu, ni sh. 156,000, na silikoni ya zamani bado iko ukutani ikisubiri kutolewa.

Hesabu hiyo haijaingiza kigae kilichofumuka, rangi iliyovimba upande wa pili wa ukuta, wala mgeni aliyefungua mlango wa bafu, akaona ukingo mweusi na kuhamia jirani.

KUTOA YA ZAMANI

Kabla ya kisu, chanzo cha maji kikaguliwe. Bomba linalovuja ndani ya ukuta halitibiwi kwa silikoni. Vigae vya chini vigongwe kwa mpini wa bisibisi: kigae kinachotoa sauti ya utupu kimeachia saruji yake, na kitengenezwe kwanza.

Hatua ya kwanza ni kukata. Kisu chenye wembe mpya hupitishwa kando ya ukuta, kikiwa kimelazwa ili kisikwaruze kigae, kisha kando ya sakafu. Mkato ukiwa umefika ndani, mstari wa zamani huvutwa kama utepe. Silikoni iliyokuwa nzuri hutoka kwa vipande virefu. Iliyozeeka au iliyochanganywa mafuta mengi hukatika katika vipande vidogo na kuchosha fundi.

Hatua ya pili ndiyo inayotofautisha kazi mbili zenye bei tofauti. Baada ya utepe kutoka hubaki utando mwembamba, pengine usioonekana, uliong'ang'ania kigae. Huu ukwanguliwe kwa wembe uliolazwa. Kwenye sinki au sakafu ya plastiki, chuma kisitumike, bali kipande cha plastiki ngumu. Zipo dawa maalumu za kulainisha masalia. Hupakwa, huachwa kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha masalia hukwanguliwa. Petroli na tina haviyeyushi silikoni iliyokwisha kukauka, na ndani ya bafu dogo lisilo na dirisha mvuke wake ni hatari ya moto.

Kipimo cha mwenye nyumba ni rahisi. Kidole kilicholowa kipitishwe juu ya kigae. Penye masalia, kidole huhisi mpira na vijiviringo vidogo hujikunja chini yake. Maji yakinyunyizwa, penye utando hujikusanya kuwa matone na kukimbia, wakati palipo safi hutandaa zaidi.

Hatua ya tatu ni kuua ukungu. Dawa ya klorini inayotumika kufanyia nguo nyeupe, iliyochanganywa na maji kama lebo inavyoelekeza, hupakwa kwenye pengo, huachwa kidogo na kusuuzwa kwa maji mengi. Ni marufuku kuichanganya na dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo katika chumba kilichofungwa huumiza mapafu.

Hatua ya nne ni kusubiri. Pengo lazima likauke. Silikoni iliyowekwa juu ya saruji yenye maji haishiki, hata kama kila hatua ya awali ilifanywa vema. Usiku mmoja wenye mlango wazi na feni ni kiwango cha chini. Wakati wa masika unaweza usitoshe.

Hapa ndipo malipo yanapopaswa kugawanywa. Mwenye nyumba anaweza kukubaliana na fundi kuwa sehemu ya ujira italipwa pengo likiwa safi, kavu na limekaguliwa, kabla tyubu mpya haijafunguliwa. Utaratibu huo haumgharimu fundi mwaminifu chochote, na humpa njia ya kuonyesha kazi ambayo kwa kawaida hufunikwa.

KUWEKA MPYA

Pengo lipanguswe kwa kitambaa chenye spiriti na liachwe likauke. Tepu ya karatasi ibandikwe juu na chini ya mstari unaotakiwa. Mdomo wa tyubu ukatwe mshazari, tundu likiwa na upana wa pengo. Bunduki isukumwe kwa mwendo mmoja, bila kusimama katikati, ili silikoni ijae ndani na isikae juu tu.

Kulainisha kufanyike mara moja. Kwa kawaida silikoni huanza kuota utando juu yake kati ya dakika 10 na 20, na baada ya hapo kila kidole huacha kovu. Kidole au kijiko kilicholoweshwa kidogo kwa maji ya sabuni hupitishwa mara moja. Maji ya sabuni yasitangulie kuingia kwenye pengo ambalo bado halijajazwa, kwani sabuni huzuia kushika. Tepu ivuliwe silikoni ikiwa bado mbichi.

Pengo lenye upana mkubwa lisijazwe silikoni tupu hadi chini. Kamba ya sponji hutangulizwa ndani, kisha silikoni hukaa juu yake. Hii hupunguza matumizi na pia huacha mpira ukishika pande mbili tu, ili uweze kunyooka. Bafu la plastiki la kulalia nalo hujazwa maji kabla ya kuziba ukingo wake, na maji hubaki humo mpaka silikoni ikauke. Lisipojazwa, mgeni wa kwanza atakayeingia atalikalisha chini kwa uzito wake na kuupasua mstari mpya.

Kukauka kwa silikoni si sawa na kukauka kwa rangi. Haipotezi maji, inachukua unyevu kutoka hewani, na hukomaa kutoka nje kwenda ndani kwa kiasi cha milimeta 2 hadi 3 kwa saa 24 katika hali ya kawaida. Mstari wa kona wenye pande za milimeta 6 una kina cha zaidi ya milimeta 4 kufika ndani kabisa. Kwa kasi ya milimeta 2 kwa siku, huo ni muda wa siku mbili. Mwenye chumba anayempokea mgeni jioni ile ile kwa sababu mstari umekauka juu anaweka maji ya moto juu ya silikoni iliyo mbichi ndani.

TYUBU NGAPI ZINUNULIWE

Mstari wa kona wenye pande za milimeta 6 hutumia mililita 18 kwa kila meta moja. Bafu la meta 1.5 kwa meta 1.2, ukiondoa mlango wa sentimeta 70, lina ukingo wa sakafu wa meta 4.7. Kona nne zikizibwa hadi urefu wa meta 2, huongezeka meta 8. Jumla ni meta 12.7, yaani mililita 229. Tyubu moja ya mililita 300 inatosha na kubakiza kidogo cha kupotea mdomoni.

Hata hivyo, pengo la mraba lenye upana na kina cha milimeta 6 hutumia mara mbili, yaani mililita 36 kwa meta, na bafu hilo hilo litahitaji tyubu mbili. Fundi anayeomba tyubu tatu kwa bafu la ukubwa huo aulizwe nyingine inakwenda wapi.

Mnunuzi pia aangalie ujazo ulioandikwa. Sokoni zipo tyubu za mililita 280, 300 na 310 zenye umbo linalokaribiana. Bei igawanywe kwa mililita kabla ya kulinganishwa.

AINA MBILI, HARUFU MBILI

Kwa wauzaji, kosa linalorudisha wateja dukani kwa hasira ni kuuza aina moja kwa kila kazi. Ipo silikoni ya asidi, ambayo ikiwa mbichi hunuka siki. Hushika vizuri kwenye kioo na vigae vyenye mng'ao, na mara nyingi ndiyo nafuu. Asidi yake hula shaba na mabati, na haifai kwenye mawe ya asili wala saruji tupu, kwa sababu asidi hushambuliana na chokaa iliyomo na mshiko hulegea. Ipo pia isiyo na asidi, isiyonuka siki, ambayo hufaa kwa saruji, terazo na vyuma. Bafu lenye sakafu ya terazo au saruji iliyosuguliwa linahitaji hii ya pili.

Kwa bafu, lebo ionyeshe pia kuwa ni ya maliwato, yaani imetiwa dawa ya kuzuia ukungu. Silikoni ya madirisha isiyo na dawa hiyo huweza kushika vizuri na bado ikawa nyeusi mapema. Hali kadhalika, akriliki inayopakwa rangi huuzwa katika tyubu zenye sura ile ile; hiyo ni ya nyufa za ukuta mkavu, si ya mahali panapomwagiwa maji kila siku.

Baadhi ya tyubu za bei ya chini sana huongezwa mafuta ya madini ili kupunguza gharama. Mafuta hayo hutoka taratibu, mpira husinyaa, hugeuka njano na kupasuka. Muuzaji wa jumla anaweza kujaribu tyubu moja kabla ya kununua katoni: mstari uwekwe juu ya karatasi nyembamba ya nailoni na kuachwa siku moja. Nailoni ikikunjamana chini ya mstari, mafuta yamo.

MTAJI UNAOZEEKA RAFUNI

Silikoni si misumari. Ina tarehe ya mwisho, kwa kawaida mwaka mmoja hadi mwaka na nusu tangu kutengenezwa, na muda huo ni kwa bidhaa iliyohifadhiwa mahali pakavu na pa ubaridi. Tyubu inayotoka bandari ya Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilometa 900 kupitia Iringa, Makambako na Njombe kufika Songea, baada ya kupita melini na ghalani. Sehemu ya uhai wake imekwisha kutumika kabla haijafika rafuni.

Kwa mfanyabiashara mdogo, hii ina maana kuwa punguzo la bei kwa katoni nyingi si faida mpaka tarehe isomwe. Katoni iliyobakiza miezi minne, kwa duka linalouza tyubu tano kwa mwezi, ni soko la tyubu 20 tu; zinazozidi ni hasara iliyonunuliwa kwa bei ya chini. Mzigo wa zamani utangulie kuuzwa, na katoni zisiwekwe chini ya bati linalopigwa na jua.

Silikoni iliyopita muda hubaki laini au kunata bila kukauka, na mara nyingi dalili huonekana ikiwa tayari iko ukutani. Jaribio la dukani huchukua saa moja: kiasi kidogo kikamuliwe kwenye kipande cha kigae. Isipoota utando ndani ya muda huo, isiuzwe.

Bei nayo ina mzizi wa mbali. Silikoni hutokana na madini ya silika yanayosafishwa kwa umeme mwingi, na China ndiyo mzalishaji mkubwa duniani. Mwaka 2021, jimbo la Yunnan lilipoamuru viwanda vipunguze uzalishaji katika kubana matumizi ya umeme, bei ya malighafi hiyo ilipanda kwa zaidi ya maradufu katika muda wa wiki chache. Muuzaji anayeona bei ya jumla ikiruka ghafla anashauriwa asikimbilie kujaza ghala, kwani bidhaa yenye tarehe haingoji bei.

MSIMU WA KUFANYA KAZI

Mvua za Songea kwa kawaida huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili. Katika miezi hiyo hewa ina unyevu wa kutosha kukausha silikoni, lakini kuta ndizo zinazokataa kukauka. Juni na Julai hali hugeuka: kuta ni kavu, ila baridi ya nyanda za juu na hewa kavu huchelewesha silikoni kukomaa, na usiku mbili huweza kuwa tatu.

Biashara nayo ina kalenda yake. Mwishoni mwa Februari mji hupokea wageni wa kumbukumbu ya mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa Songea tarehe 27 Februari, 1906. Katikati ya mwaka huanza pilika za mahindi, zikiwaleta wanunuzi na madereva. Kufunga vyumba katika nyakati hizo ni kulipa bei ya juu kabisa ya ukarabati.

Nafasi mbili zinabaki: Mei, mvua zikiisha na kabla ya mahindi, na Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba, kabla ya mvua. Mwenye vyumba kumi anaweza kufunga viwili viwili na kumaliza katika majuma mawili, akiwa amenunua tyubu kumi na mbili za mzigo mmoja, mbili zikiwa za akiba. Risiti na tyubu moja tupu yenye namba ya mzigo vihifadhiwe. Bila hivyo, dai lolote dukani litabaki maneno.